Sanamu Lililovaa Ovaroli ya Rafiki Yangu

Niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza, na tangu hapo kila ninachokijua nimekipata kwa kuuliza watu. Niliuliza Malaba nikipakia malori, nikauliza Mombasa nikiosha magari, na Doha niliuliza nikiwa askari wa geti katika kampaundi moja ya Abu Hamour ambako wapangaji wengi walikuwa Wazungu na familia zao. Mwisho wa Oktoba ule, nilikuwa nauliza habari za Halowini, sikukuu ya Wazungu ambayo watoto hujivika vitisho na kugawiwa peremende.

Ukiwa nje ya ukuta usingejua kama kuna lolote. Ndani kulikuwa na mafuvu ya plastiki juu ya milango na utando wa buibui wa pamba uliotandazwa kwenye bugenvilia. Wenzangu tuliolala nao chumba kimoja kule Al Rayyan walikuwa na jibu tayari: hiyo ni siku ya kuzaliwa kwa shetani. Yaya mmoja wa pale kampaundi, Mkenya kutoka upande wa Kitale, aliniambia nisimkaribie paka mweusi wiki hiyo kwa sababu paka wa rangi hiyo hutafutwa wachinjwe kafara. Madamu wake, Mzungu aliyemwajiri, yeye hakuwa na habari na shetani. Hofu yake ilikuwa sumu ndani ya peremende na wembe ndani ya matofaa. Nikamuuliza kama amewahi kumjua mtoto aliyekatwa na huo wembe.

Alifikiri. "Hapana. Lakini mama yangu alikuwa anakagua, na mimi nakagua."

Ni yeye pia aliyenipa kisa kilichoninyima usingizi. Kwao, alisema, watu husimulia juu ya mtu aliyefia kwenye kiti barazani siku za Halowini, na majirani wakawa wanapita wakidhani ni sanamu la mapambo, wakilisifu kwa kufanana na mtu. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Sijui. Kila anayesimulia husema ilitokea mtaa wa jirani."

Mtunza bustani wetu alikuwa Mganda, mtu mzima, mpole, mwenye kisukari. Kila asubuhi alijidunga sindano yake kabla hajashika jembe. Yule madamu alimwomba ovaroli kuukuu na kofia ya majani, akavijaza magazeti na matambara, akaliketisha sanamu kwenye benchi karibu na bwawa la kuogelea, kofia imefunika uso. Ukiliangalia kwa mbali ungeapa ni yeye amepumzika.

Yaya alipoliona alimfuata mzee palepale alipokuwa anamwagilia.

"Mzee, umewapa nguo uliyotolea jasho? Umewapa mwili wako."

"Nyabo," mzee alimjibu, akimwita bibi kwa Kiganda, "ilikuwa na tundu mgongoni. Nimewapa tundu."

"Cheka tu. Utacheka na meno ya nani wakishakuchukua?"

Alicheka mbele yake, lakini nilimwona baadaye akilizunguka benchi kwa mbali, huku akivuta mpira wa maji njia ndefu ili asipite karibu. Kisha ikaja sauti iliyorekodiwa kwenye kundi letu la maombi la simu. Mchungaji ambaye hakuna kati yetu aliyemjua aliwataka Wakristo wote wanaofanya kazi ughaibuni wafunge mfungo mkavu siku ya Halowini, bila chakula wala maji mpaka jua lizame, maana aliyekula siku hiyo alikuwa amekaa meza moja na mapepo. Yaya aliisambaza. Mzee aliisikiliza mara nyingi, simu ameibana sikioni.

Siku yenyewe alipita getini asubuhi. Nilimpa chapati akakataa.

"Leo sili, ssebo," alisema, yaani bwana, kama alivyozoea kuniita.

"Na sindano?"

"Sindano si chakula. Nimejidunga."

Nilijua hilo ni baya. Nilikuwa nimeshamuuliza zamani, kama ninavyouliza kila kitu, na ni yeye mwenyewe aliyenieleza kwamba ile dawa ikiingia tumbo likiwa tupu, sukari hushuka mpaka mtu akazima. Nilimkumbusha. Akasema Mungu anajua hesabu zake. Lori la maji likapiga honi, nikafungua geti, naye akaenda zake.

Baada ya adhana ya alasiri hakuja kunywa chai. Hata akiwa amefunga, nilitegemea aje kupiga soga. Simu yake iliita bila kujibiwa. Nikapiga tena. Nilimwachia geti mwenzangu nikaenda kumtafuta, na yaya, aliyekuwa anatandika meza ya sherehe ya watoto nje ya ukumbi wa wapangaji, akaniona usoni na kunifuata. Tuliangalia stoo ya vifaa. Tukaangalia nyuma ya pampu. Mpira wa maji ulikuwa umeachwa wazi, maji yamejaa kwenye maua na kumwagikia njiani.

Tuliingia ukumbini kuangalia vyoo. Madamu alikuwa ndani amelilaza sanamu mezani, analishona begani.

Yaya alisimama ghafla nikamgonga kwa nyuma. Ovaroli ilikuwa ile ile, na kofia ilikuwa pale juu ya kiti.

"Umelitoa saa ngapi kwenye benchi?" nikauliza.

"Tangu mchana. Mkono ulikuwa umekatika."

Dirisha la ukumbi lilitazama bwawa. Kwenye benchi alikaa mtu wa ovaroli, kofia imefunika uso, mikono imelala mapajani viganja juu.

Natamani kusema nilikimbia. Nilibaki pale dirishani. Nilielewa vizuri kabisa kwamba yule ni rafiki yangu, na wakati huohuo kitu kingine ndani yangu kilikuwa na uhakika kwamba nikiinua ile kofia nitakuta magazeti.

"Kaka, usiende," yaya alinong'ona. "Kile si mtu tena."

Nilienda. Watu walikuwa wanaogelea hapo kando, wanacheka. Nilimwita, hakujibu. Nikamshika mkono, na ulikuwa wa baridi, na umelowa. Sanamu halitoki jasho. Niliinua kofia. Macho yalikuwa nusu wazi na midomo ilitetemeka kidogo sana, kama maji yanayokaribia kuchemka.

"Sukari," nikamwambia yaya, aliyekuwa amenifuata hatua chache nyuma. "Lete lile jagi la sharubati kwenye meza ya watoto."

"Limeandikwa damu."

"Ni wewe umelichanganya asubuhi."

"Nimechanganya, sikuonja."

"Dada, anakufa."

Alienda akalileta, akilishika mbali na kifua chake kana kwamba lingemrukia. Ilikuwa sharubati ya komamanga, nzito kwa sukari. Nilichovya kidole nikampaka ndani ya shavu, nikachovya tena. Yaya alipiga magoti akamshikilia kichwa kisianguke, akiomba kwa kasi, machozi yakimwingia mdomoni. Madamu alikuwa ameshapiga simu ya ambulensi na alikuwa anarudia namba ya nyumba kwa sauti ya mtu aliyesahau anakoishi. Tulikaa hivyo, mimi sijui kama napaka mtu au maiti, mpaka koo lake likapanda na kushuka. Alimeza.

Kesho yake nilimkuta hospitalini amekaa, dripu mkononi. Nilidhani hatakumbuka chochote.

"Nilikuwa nawasikia, ssebo," alisema. "Si tangu mwanzo. Mwishoni. Kuna mtoto alikaa kando yangu apigwe picha. Mama yake akamwambia asiniegemee, atachafua nguo. Nikajaribu kusema. Nikajaribu hata kidole."

"Ulifikiri nini?"

"Nilifikiri nimeshakufa, na kumbe kufa ndiyo hivi. Watu wanapita."

Nilipogeuka kuchukua kofia yangu ya kazi alianza kunieleza habari za ng'ombe wa kaka yake, halafu barabara mpya ya kwao, halafu bei ya mbolea. Kila nilipotazama mlangoni alivuta jambo jingine, macho hayaniachi. Nikarudisha kofia chini, nikavuta kiti karibu na kumuuliza huyo ng'ombe ana rangi gani.