Nyumba Kasoro Thumuni

Mwaka ule bei za nyumba zilipoanza kushuka, sisi watu wa Kasongo tulizihesabu kwa baiskeli. Hii ni ya baiskeli tatu, ile ni ya mbili na kitu juu. Sijui nani alianza. Nadhani ni kwa sababu faranga zilikuwa zimepotea mikononi mwa watu, lakini baiskeli kila mutu aliiona ikipita. Wazungu walisema ni krizi. Kwetu sisi krizi ilikuwa hivi: pamba inapimwa na mulimaji anarudi nyumbani karibu mikono mitupu, ngazi, matunda ya mawese, zinaoza chini ya michikichi kwa kukosa mnunuzi, magazini za kuuzia bidhaa zinafungwa moja moja, na wenye nyumba wanarudi vijijini kulima muhogo.

Mimi nilikuwa fundi wa kushona. Mashini yangu ilikaa kwenye baraza ya magazini ya Mugiriki mmoja, njia ya soko, na yeye aliniambia bila kunificha kwamba mvua zikikatika atafunga na kuondoka. Fundi asiye na baraza njiani hana kazi; nguo haziji kumtafuta uani. Nisipopata baraza nyingine, ingenibidi nirudi Wamaza kwa baba yangu, nikalime hiyo hiyo pamba. Mke wangu alikuwa mutoto wa Kasongo, wa ukoo wa mujini tangu nyakati za Waarabu. Nilipomwambia habari ya Wamaza alijibu neno moja tu:

"Wamaza nitakwenda kusalimia."

Basi tukaanza kutafuta nyumba ya kununua. Niseme kwanza kwamba ardhi ilikuwa ya Leta, yaani serikali, si yetu. Ulichonunua ni kuta, milango na mabati, pamoja na haki ya kukaa hapo. Ndiyo maana nyumba iliweza kuondoka. Mutu akishindwa kuuza, alipanda juu na nyundo, akang'oa mabati, akayapeleka Salamabila kwenye machimbo. Kule dhahabu ilikuwa bado na bei na watu walikuwa wanajenga. Kuta zilizobaki mvua ilizimaliza yenyewe.

Nyumba niliyoipenda ilikuwa karibu na soko, yenye baraza pana inayotazama njia. Mwenyewe, muzee mmoja mchuuzi wa mupunga, alikuwa amekufa wiki chache kabla. Aliacha mke, na mwana mmoja wa mke wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi Salamabila. Yule mwana alikuja kwa mazishi, akabaki kutafuta mnunuzi. Simsemi vibaya. Sanda aliinunua yeye, hitima aliifanya yeye, na kule kambini alikuwa na watoto wanaomngoja.

Tulikaa barazani tukasemezana. Akataka baiskeli mbili na nusu. Nikataja mbili. Akacheka, akanipa mkono.

"Sawa, fundi. Lakini kuingia utangoja. Mama mudogo iko ndani ya eda."

Mimi nilisoma kwa Mapadri miaka michache, nikajua kuandika na kuhesabu, kisha nikasilimu nilipotaka kuoa. Mambo mengi ya dini nilikuwa bado najifunza kwa kukosea. Nilijua kwamba mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Sikufikiri kwamba mimi, mutu wa kando, sitaweza kuingia kutazama vyumba ninavyonunua. Niliposimama nikasema nione ndani, yule mwana alinitazama kama nimetaka kuvua viatu vyake.

"Utaona nini ndani, na mwanamke wa watu iko na eda?"

Kwa hiyo nikamtuma mke wangu. Nilimpa maagizo mengi: atazame mchwa kwenye miimo ya milango, agonge kuta, atazame miti ya paa. Alikwenda asubuhi, akarudi adhuhuri imepita.

"Mchwa wapo?" nikamuuliza.

"Sikuangalia."

"Kuta?"

"Baba watoto, ningegonga kuta vipi, mwenye nyumba amekaa kwenye mkeka ananikaribisha uji? Nimemuuliza yeye mwenyewe."

"Umemuuliza muuzaji ubaya wa nyumba yake?"

"Na ameniambia. Chumba cha nyuma kinavuja kwenye kona, mlango wa uani unavimba wakati wa mvua, na ukuta wa upande wa mgomba una mchwa, lakini ulipakwa mawese machafu, wamepungua. Akaniuliza kama nina mutoto wa kifua, kwa sababu chumba cha upande wa kulia wa ukumbi kina baridi."

 Katika maisha yangu ya biashara ndogo ndogo sikuwa nimeona muuzaji wa namna hiyo. Kisha mke wangu akasema kwamba yule mama hana mutu. Watu wake walikuwa upande wa Kabambare, ng'ambo ya Wamaza, na waliobaki walikuwa watoto wa ndugu zake ambao hawamjui hata sura.

"Atakwenda wapi eda ikiisha?" nikauliza.

"Na mimi nilitaka kukuuliza wewe. Wewe ndiye unayenunua."

Wiki zikapita na bei zikaendelea kushuka. Nyumba ya pili kutoka ile yetu, kubwa kuliko ile yetu, iliuzwa kwa baiskeli moja na nusu. Kila mara nilipopita njia ile nilisikia nyundo mahali. Ndugu ya mke wangu, muuza samaki, alikuwa akisimama mbele ya mashini yangu ananicheka.

"Shemeji, wewe umenunua samaki asubuhi! Samaki wa Lualaba ananunuliwa jioni, jua likizama, mwenyewe anaogopa kurudi naye nyumbani."

"Nimekwisha kutoa neno."

"Neno! Umelipa?"

"Bado."

"Basi umenunua nini? Umenunua upepo. Ngoja. Nyumba ile utaipata kwa baiskeli moja, tena haina kengele."

Siwezi kusema kwamba maneno yake hayakuniingia. Nilikuwa nikishona huku nikipiga hesabu, na mara mbili nilishona mukono wa shati nje ndani. Nikingoja, labda ningebakiwa na pesa za kununua vitambaa na nyuzi. Upande mwingine, siku ile tulipopeana mikono, mchuuzi mwingine wa mupunga alikuwa amesimama njiani anangoja kutaja bei yake, na yule mwana alimwambia aende, nyumba imepata mutu. Mchuuzi yule alikuwa amekwisha kuhama Kasongo. Kama mimi nilimfukuzia mwenzangu mnunuzi, naweza kurudi na kusema bei imekuwa nyingine? Nilijiuliza hivyo, kisha nikajijibu kwamba yule mwana naye, kama bei zingepanda, angenikimbia. Halafu nikaona si haki kumhukumu mutu kwa jambo ambalo hakulifanya.

Yule mwana, aliyekuwa amerudi kazini, alikuja tena kutoka Salamabila eda ikiwa karibu kuisha. Alikuwa amepata habari za bei njiani. Hakukaa chini.

"Fundi, sikia. Najua watu wanakwambia nini. Ukishusha bei, mimi sina maneno mengi. Napanda juu, nachukua mabati yangu. Kule nina mutu ameyangojea."

"Na mama yako mudogo?"

"Nitampa fungu lake la faranga kama sheria inavyosema."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mutu aliyechoka na njia. Mimi nikaona nyumba yote imesimama juu ya ulimi wangu: nikitaja bei ndogo, baraza inakwenda, paa linakwenda, na mwanamke anaachwa kati ya kuta nne. Nikamwomba tuende pamoja kwa mwalimu wa msikiti. Nilitaka mwalimu aniambie kama nimefungwa na neno langu au sikufungwa. Ukweli ni kwamba nilitaka mutu mwingine aamue.

Mwalimu alitusikiliza sisi wawili mpaka mwisho. Kisha akaniuliza:

"Uliwauliza wenye nyumba wote?"

"Mwenye nyumba ni huyu."

"Huyu ana sehemu saba. Kuna thumuni, sehemu moja kwa nane. Hiyo ni ya mjane. Ulimuuliza kama anauza?"

Nikamtazama yule mwana, naye akanitazama. Sisi wote wawili, tangu siku ya kwanza, tulikuwa tumeigawa thumuni ile kuwa faranga bila kumuuliza mwenyewe. Hata mimi niliyekuwa silali kwa kutafuta haki ya huyu na ya yule, yeye sikumweka hata kwenye mizani. Nilimwonea huruma tu, na huruma siyo iliyotakiwa kwangu.

Tukaenda siku ileile baada ya sala ya alasiri. Mwalimu na mimi tulikaa barazani. Yule mwana aliingia ndani, kwa sababu kwake ni mama. Pazia lilikuwa limeshushwa kwenye mlango wa ukumbi, na mke wangu alikuwa nyuma yake pamoja na mjane. Mwalimu akaeleza habari yote. Kisha sauti ya mjane ikatoka, sauti nzito kidogo, ya mutu asiyefanya haraka.

"Fundi yuko hapo?"

"Niko, mama."

"Wanasema nyumba yetu iko baiskeli mbili."

"Ndiyo, mama."

"Na thumuni yangu ndani ya baiskeli mbili ni nini? Usukani na kengele? Au mutanipa na pedali moja?"

Mwalimu akainamisha kichwa ili asionekane anacheka. Yule mwana akasema kutoka ndani:

"Mama mudogo, thumuni ni faranga, si vyuma. Utazipokea zote, sitakuibia."

"Najua hutaniibia, mwanangu. Baba yako hakuzaa mwizi. Lakini zitandike basi hizo faranga hapa chini, nione kama zinafika kulaza mgongo."



"Mimi siuzi," akaendelea mjane. "Wewe uza yako, iko haki yako, una watoto. Yangu nitakaa ndani yake."

"Mutu hakai ndani ya thumuni!" yule mwana akasema.

"Chumba cha nyuma. Na mgomba mmoja, kwa sababu niliupanda mimi."

Mwalimu akaniuliza kama naweza kununua nyumba iliyo na mutu ndani yake. Nikasema nataka kwanza kupima. Watu wanaweza kucheka, lakini sikuwa na njia nyingine ya kutulia moyo. Mke wangu alichukua utepe wangu, akapima vyumba kimoja kimoja huku akinipigia kelele hesabu kutoka ndani, nami nikaandika barazani. Chumba cha nyuma kilizidi thumuni kwa kiasi cha mlango. Yule mwana akasema basi kipande hicho kikatwe. Mjane akasema yuko tayari, waanzie kwenye ile kona inayovuja. Sasa hata yule mwana akacheka, na baada ya kicheko kile sikusikia tena habari ya mabati.

Nikamlipa sehemu saba kwa bei ya kwanza, ile tuliyopeana nayo mikono. Aliondoka kesho yake kwenda Salamabila, na kabla ya kuondoka alimpelekea mama yake mudogo chumvi na kipande cha sabuni. Ndugu ya mke wangu alipopata habari alikaa kwenye kigoda changu akajishika kichwa.

"Shemeji! Samaki wa asubuhi, tena kichwa chake umemwachia mutu mwingine!"

Na alikuwa na haki, kwa upande wake. Kabla hata Mugiriki hajafunga, nyumba mbili za mabati njia ileile ziliuzwa kwa baiskeli moja moja, na ya tatu mwenyewe aliiacha wazi akaenda. Mpaka leo sijui kama nilitenda haki au niliogopa tu kuitwa mutu wa maneno mawili. Pesa zile zingewafaa watoto wangu. Mke wangu hakunilaumu, lakini mwaka ule wote tulikula sombe ya majani ya muhogo bila samaki, na ndugu yake alituona.

Niliweka mashini barazani siku eda ilipoisha. Wanawake wa mtaa walikuwa ndani tangu alfajiri, maji yanamwagwa, udi unanukia mpaka njiani. Mimi nilikuwa nimeinamia suruali ya mutu niliposikia pazia linavutwa. Mwanamke mfupi, mwembamba, aliyevaa nguo mpya, alitokea ukumbini. Kwa ile sauti yake nilikuwa nimemfikiria mutu mnene. Nikasimama haraka kuvuta mashini kando, kwa maana nilikuwa nimeziba nusu ya njia ya kutokea, na habari ya yeye kupita barazani hatukuisema kwa mwalimu.

"Keti, fundi. Napita."

Alipita mpaka ukingo wa baraza, akatazama njia. Miezi ile yote alikuwa ndani akisikia nyundo, na sasa ndipo alipoona zilikuwa zikifanya nini. Upande wa pili kulikuwa na kuta bila paa, majani yameanza kuota dirishani. Akaonyesha kwa kidole.

"Hapa wamekwenda wapi?"

"Wamehamia kule Kasuku, mama."

"Na hapa?"

"Vijijini kwao. Mabati yalipelekwa Salamabila."

"Na kwa yule mama wa mandazi?"

"Yeye yuko. Amehamia nyuma ya soko."

Akauliza hivyo nyumba moja moja mpaka mwisho wa njia, nami nikamjibu niliyoyajua. Alipomaliza alisimama kidogo, kisha akageuka, akatazama juu, mabati ya baraza yetu, kwa muda mrefu.

"Misumari ya upande huu imelegea," akasema. "Mvua ya kwanza yenye upepo italifungua paa. Tafuta mutu wa kupanda, mimi nitatoa thumuni yangu ya malipo."

Nikamwambia nitamtafuta. Yeye akaingia ndani kuwaaga wageni, na mimi nikarudi kwenye suruali.