Lori Lililopambwa Kumngoja Asesa

Ukimtafuta Khalayi pale Komarock mwisho wa mwezi, usiulize nyumba yake. Uliza lori limeegeshwa wapi. Kazi yake ni kuhamisha watu. Anayehama na kitanda na sufuria mbili, na anayehama na kabati lisilopita mlangoni, wote humpigia yeye simu. Yeye hushika usukani, mumewe Luseno hubeba, na mtoto wao Triza, ambaye hata kutembea hajakomaa, huachiwa jirani yao Kavutha.

Watu huuliza kwa nini mwanamke ndiye dereva. Luseno hujibu mwenyewe, tena bila haya.

"Mimi nikiendesha naangalia watu. Mama Triza anaangalia barabara."

Kwenye kipaji cha lori wameandika HAMA SALAMA kwa rangi nyekundu, na kusema kweli, hawajawahi kuvunja hata kikombe cha mtu.

Jumanne moja walikuwa wanarudi kutoka Lucky Summer, walikokuwa wamemhamishia mwalimu mmoja. Khalayi akasimama kando ya Kangundo Road, akingoja nafasi ya kuingia mtaani. Lori la mawe likaja kutoka nyuma, breki zikakataa, likawapiga ubavuni karibu na gurudumu la nyuma na kuwasukuma hadi kwenye nguzo ya zege. Uso wa kabini ukabonyea kama mkebe. Mungu si Athumani, hakuna aliyeumia. Luseno, aliyekuwa nyuma, aliangukia godoro kuukuu alilopewa na mwalimu kama shukrani. Akainua kichwa akauliza, "Tumefika?"

Khalayi alicheka. Lakini alipoliondoa lori polepole kuelekea nyumbani, kicheko kilimwisha. Ili liende mbele, ilimbidi ashike usukani umepinda kulia, kama mtu anayemvuta ng'ombe asiyetaka kutoka zizini.

Nzivo, fundi wa kunyoosha mabati anayefanyia kazi pale karibu na lango la ploti yao ya nyumba za kupanga, alilala chali chini ya lori akatoka akitikisa kichwa.

"Mama Triza, uso nauweza. Shida ni chesisi. Uti wa mgongo wa lori umejikunja. Hiyo hainyooshwi na nyundo yangu, inataka mashine ya karakana kubwa. Bima wakikataa, hili ni la kuuzwa kama vyuma chakavu."

Khalayi alimchukua Triza kutoka kwa Kavutha, akamkumbatia, akasimama akilitazama lile lori lililowalisha tangu waoane. Alikuwa amelikatia bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. Sasa ndipo atajua kama ni kweli inalipa.

Asubuhi alienda kituo cha polisi kuchukua ripoti ya ajali, kisha akaenda mjini kwenye ofisi ya bima, Triza mgongoni. Huko wakamwambia asesa, yule anayekagua gari kabla bima haijakubali kulipa, ataliona siku hiyohiyo. Khalayi akampigia mumewe simu haraka haraka.

"Baba Triza, asesa anakuja alasiri. Weka gari tayari!"

"Tayari? Usijali, mama. Hiyo niachie mimi."

Asesa alikuwa msichana mpole aitwaye Jacklyne, mwenye kigari kidogo cha samawati. Walipanda pamoja, na njia nzima Khalayi alimsimulia.

"Dada, utalia ukiliona. Taa zimekwisha. Uso wote umeingia ndani."

"Pole sana, mama," Jacklyne akasema. "Nitapiga picha kila kitu."

Walipokata kona ya mwisho, Khalayi alidhani wamepotea ploti. Mbele ya lango lilisimama lori linalong'aa kama sufuria ya siku ya harusi. Uso umenyooshwa na kupakwa rangi. Taa mpya, japo moja ilikuwa ndogo kuliko mwenzake. HAMA SALAMA imeandikwa upya na kuongezewa maua pande zote. Majirani wamejipanga, Luseno akiwa mbele kwa shati la kanisani.

"Karibu, mgeni wetu! Chai iko tayari."

Jacklyne alizima gari. "Mama, ajali iko wapi?"

Khalayi alishuka taratibu. "Baba Triza. Umefanya nini?"

"Si ulisema niweke gari tayari?"

"Tayari kuangaliwa!"

"Ndiyo. Sasa si inaangalika?" Luseno akawageukia majirani kutafuta msaada. "Kwetu mgeni akija nyumba inasingwa kwa udongo, sakafu inateleza. Wewe ulitaka aone uchafu?"

"Tulianza ulipopiga simu tu," Kavutha akadakia kwa fahari. "Jirani yetu Ayuma ndiye ametoa hizo taa. Mimi nimeosha magurudumu kwa mkono. Si ni wewe ulinihamishia hapa?"

Khalayi alitaka kukasirika, akashindwa aanzie kwa nani.

Jacklyne aliinama akachungulia chini ya lori. Akakaa huko kwa muda.

"Hata huku chini mmepaka rangi?"

"Mgeni anaweza kuchungulia," Nzivo akajibu kwa sauti ndogo.

Jacklyne alisimama, akajipangusa magoti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Khalayi zaidi.

"Mama, sikuiti mwongo. Lakini mimi napeleka picha za kilichoharibika. Nikipeleka hizi, mkubwa wangu ataniuliza nilienda kazini au harusini. Na hiyo rangi mbichi imeziba kila mkunjo."

Luseno alianza kufungua vifungo vya shati lake kimoja kimoja, kama mtu aliyepatwa na joto. Khalayi alimsogeza Triza mgongoni, akamkaribia yule msichana.

"Dada, uso wameutengeneza, ni kweli. Ni mapenzi tu. Lakini panda uketi na mimi. Nikitaka kwenda mbele, lazima nipinde usukani. Hapo hawajapaka rangi."

Jacklyne alimtazama vizuri. Kisha akatazama barabara kavu iliyopita mbele ya lango.

"Nani ana maji?"

"Ya kunywa?" akauliza Kavutha.

"Ya kumwaga."

Kavutha alitazama beseni lake la kufulia. Mfereji hautoi maji kila siku pale, na katika maji hayo ya sabuni alikuwa bado hajaloweka soksi. Akaliinua, akalimwaga barabarani. Mwingine akaleta ndoo, mwingine karai, hadi kipande kizima kikalowa na kujaa povu. Khalayi akampa Kavutha mtoto, akapanda, akaliendesha lori polepole kutoka kwenye maji hadi pakavu, akalinyoosha kadiri alivyoweza.

Aliposhuka alikuta watu wote wameinama. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamechora njia yao, ya nyuma yakachora yao kando, kama mume na mke waliogombana wakielekea kanisani.

"Inatembea upande kama mbwa!" mtoto mmoja akapiga kelele.

"Kumbe!" Luseno akasema. "Mbele tunaenda Komarock, nyuma inaenda Kayole!"

Jacklyne alicheka hadi akajishika kiuno. Akapiga picha za alama, akapima kwa utepe, akamfanya Nzivo akwangue rangi yake mwenyewe hadi mkunjo ukaonekana, akaupiga picha pia.

"Hiyo sasa ni ajali. Chesisi nitaiandika. Kabini siandiki, hiyo mmejilipia wenyewe."

"Hiyo ilikuwa zawadi," Nzivo akasema.

"Basi leteni chai."

Bima walikubali. Lori likapelekwa karakana, likafungwa minyororo kwenye mashine, likavutwa kidogo kidogo. Khalayi alienda kulitazama na Triza. Kila chuma kilipolia, mtoto alimficha uso mamake kwa viganja vyake viwili, naye Khalayi akashukuru, maana hakutaka kuona.

Lilirudi mwisho wa mwezi ukikaribia. Hakuna aliyemwambia mtu, lakini Khalayi alipokata kona aliwakuta majirani wamesimama na mabeseni. Kavutha alikuwa amekwisha kumwaga la kwanza.

"Pita, mama! Tunataka kuona wenyewe!"

Khalayi alipita, usukani umenyooka mikononi mwake, mwepesi hadi akauonea mashaka. Akazima injini, akangoja ndani ya kabini, asitake kuwa wa kwanza kutazama.

Luseno alichuchumaa barabarani, akafuata alama kwa kidole hadi mwisho wake. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamekanyaga humohumo yalimokanyaga ya mbele.

"Wamerudiana!" akaita.

Vigelegele vikalipuka. Khalayi alishuka, akazitazama zile njia mbili zilizogeuka moja, kisha akamtazama mumewe.

"Na siku nyingine nikikuambia uweke gari tayari?"

"Nauliza kwanza," Luseno akasema. "Tayari ya nini."