Lupe na Dawati la Wavulana

Seluvaia alivunja ungo kanisani, siku ya sikukuu ya watoto, akiwa amevaa gauni jeupe. Mama yake alimfunga kitambaa, akamwambia neno moja tu: asikae karibu na wavulana. Mwaka mzima aliamini kwamba ukikaa benchi moja na mvulana unashika mimba. Akaapa kwamba akijaliwa binti, atamweleza mambo yote mapema.

Akamzaa Lupe. Lakini kwetu Vava'u, visiwani Tonga, mambo hayo hayatajwi mbele ya kaka wa msichana, hata kwa utani, na Lupe ana kaka, na nyumba yao ni ndogo. Basi Seluvaia, ambaye kazi yake ni kusuka mikeka, akawa anaahirisha. Lupe akiuliza watoto wanatoka wapi, anajibiwa, "Nina kazi, mwanangu." Hadi akatimiza miaka tisa.

Ndipo mwalimu akamwita mama. Lupe alikuwa amepangiwa dawati moja na mvulana, naye wiki nzima akasoma amesimama.

Akitoka shuleni, Seluvaia alipitia kwa Fusi, dada wa mumewe, ambaye neno lake katika familia halipingwi. Fusi aliposikia kisa hicho alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Ugonjwa wako umemrithisha mtoto."

"Nilikuwa nasubiri akue kidogo, wifi."

"Unasubiri mfalme akuandikie ruhusa? Mtoto kashaanza kuogopa, wakati ndio huo. Huyo kaka yake mlete Jumamosi, anichimbie viazi vikuu."

Jumamosi mama na binti wakaenda ufukweni kuopoa majani ya mkadi ya kusukia mikeka, yaliyolowekwa baharini. Maji yaliwafika magotini, na hapakuwa na mtu karibu.

"Lupe, nani kakwambia habari za kukaa na wavulana?"

"Meliame wa darasani kwetu. Anasema mvulana akikugusa bega, tumbo linavimba."

"Hata mimi nilidanganywa hivyohivyo."

"Wewe, mama?"

Basi akamweleza: hedhi, na jinsi mwanamume na mwanamke wanavyokutana, na mtoto anavyokua tumboni. Akamwambia pia kwamba mtu yeyote akimshika asipopaswa kushikwa, hata awe mtu wa heshima, aje amwambie. Mwanzoni maneno yalimkwama. Baadaye yakatoka yenyewe. Lupe alisikiliza huku akikamua majani.

"Hata mchungaji na mkewe hukutana hivyo?"

"Hata wao."

Lupe akalitazama kanisa kule kilimani. "Lakini wana watoto wengi, mama."

Seluvaia alicheka hadi furushi la majani likamponyoka, wakalikimbiza majini wote wawili.

Jumatatu Lupe alikaa dawatini. Akarudi akilalamika kwamba yule mvulana anatafuna penseli zake.

Miaka ilipopita na siku yake ikafika, Lupe aliingia kwenye nyumba ya kusukia mikeka, akamnong'oneza mama yake, akaenda mwenyewe kuchukua vitambaa kabatini. Aliporudi aliuliza chakula ni nini.

"Mbona unatabasamu peke yako?" wasukaji wenzake wakamuuliza Seluvaia.

"Majani haya ya mkadi leo ni laini," alijibu, akaendelea kusuka.