Mama zetu wa mkonge Korogwe walivyoanzisha darasa la watoto wadogo enzi za Mwingereza

Wakuu, habari za humu ndani.

Juzi nimepita kwenye uzi mmoja, jamaa anasema chekechea ni ujanja wa watu wa mjini wa kutafuta hela. Mtoto wa miaka minne akae nyumbani acheze, shule ataikuta. Komenti nyingi zikamuunga mkono.

Sikutaka kubishana. Nimeona bora niweke hapa yale niliyoyaona mwenyewe nikiwa mtoto. Sitatia chumvi, na pale kumbukumbu itakapogoma nitasema imegoma.

Mimi ni bibi yenu, Mwanaidi, mwalimu mstaafu, naishi Chanika, Handeni. Asili yetu ni Kwamsisi.

Enzi hizo za Mwingereza, mvua zilitugomea Kwamsisi msimu baada ya msimu. Mahindi yanafika magotini yanakauka. Baba akaamua kwenda kukata mkonge kwenye shamba moja upande wa Korogwe. Baadaye tukamfuata mimi, mama, na mdogo wangu Athumani aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Kambini kulikuwa na watu wa kila namna. Wazigua sisi, Washambaa wa kutoka Mpale na milimani, na wengine wametoka mbali kabisa, kusini huko na magharibi. Baba zetu wanakata mkonge. Mama zetu wanapalilia kwa ngwe, yaani kila mtu anapimiwa kipande chake, akimaliza ndio kazi yake ya siku.

Swali: watoto wadogo wanabaki na nani?

Jibu: na sisi. Watoto wa kike wa miaka saba, minane, tisa.

Shule ya watoto wa Kiafrika haikuwa mbali. Asubuhi nilikuwa nasikia wanavyoitikia kwa pamoja. Wavulana kadhaa wa kambini walikuwa wanakwenda. Mimi nina Athumani mgongoni, nitaendaje? Hakuna aliyenikataza. Hata wazo lenyewe halikuwepo.

Basi, jirani yetu alikuwa msichana anaitwa Zaina, mkubwa wangu kidogo tu. Yeye alikuwa analea mdogo wake, na zaidi ya hapo akawa anaangalia mtoto wa nyumba ya pili, Mbwana, umri kama miaka minne. Mtoto mtundu, hakai.

Siku moja Zaina anapika uji, mdogo wake analia, Mbwana akatoka na wenzake kukimbizana kwenye mkonge.

Waliokulia mashambani wanajua. Jani la mkonge lina mwiba kwenye ncha, mgumu kama sindano ya gunia. Mbwana alijikwaa, akaangukia jani. Mwiba ukaingia jichoni.

Nilisikia ule ukelele. Sitauelezea.

Walimpeleka hospitali, akarudi amefungwa kitambaa. Jicho halikupona.

Kambi nzima ikamgeukia Zaina. Baba yake akamchapa mbele za watu, na mwanzoni hakuna aliyeamua ugomvi. Mama Mbwana alikuwa amekaa chini mlangoni kwake, anasema maneno yaleyale tu: "Nilimwachia mwanangu mzima. Nilimwachia mzima."

Mama yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Siku hiyo aliingia katikati akaushika ule mkono wenye fimbo.

"Baba Zaina, unampiga mtoto kwa kazi ya mtu mzima."

"Alikabidhiwa!"

"Alikabidhiwa na nani? Na sisi. Basi tuanze kuchapana sisi."

Yule mzee akaitupa fimbo akaondoka. Zaina tangu siku ile akawa haongei. Ukimwita anakuangalia tu.

Sasa wakuu, hapa niwaingize mjini kidogo.

Siku ya mapumziko mama alikuwa anapeleka bamia na mchicha Korogwe mjini. Mteja wake mmoja alikuwa Mama Kishori, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Mwanamke mpole, amezaliwa hapohapo, Kiswahili kinamtoka vizuri tu. Barazani kwake alikuwa anawakusanya watoto wake na wa majirani zake, wale ambao hawajafika umri wa shule. Wanaimba, wanapanga vifungo vya nguo kwa rangi, wanahesabu, wanachora na chaki sakafuni.

Mama alikuwa akipita pale kila mara. Lakini baada ya jicho la Mbwana, siku moja alikaa. Mboga zimeshanunuliwa, yeye yupo tu, mimi nimesimama pembeni na Athumani.

Mama Kishori akamuuliza, "Mama Mwanaidi, umesahau kitu?"

"Hapana. Natazama."

"Unatazama nini?"

"Hawa watoto. Wako wengi, mtu mzima mmoja, na hakuna anayelia."

Mama Kishori akacheka. Mama akamsimulia habari ya Mbwana, na kicheko kikaisha.

Mama akamwomba awapokee watoto wawili watatu wa kambini. Mama Kishori akainamisha kichwa.

"Mume wangu hatakubali. Na majirani watawatoa watoto wao. Siwezi kukudanganya."

Ndivyo ilivyokuwa, wakuu. Mhindi na shule yake, Mzungu na yake, Mwafrika na yake. Hata baraza ya duka ilikuwa na mpaka wake.

Halafu akasema, "Lakini kuja kutazama hakuna atakayekukataza. Njoo utazame mpaka uchoke."

Mama akawa anakwenda kila siku ya mapumziko. Tukirudi njiani ananiimbisha nyimbo zile, maneno anabadilisha kwa Kiswahili na Kizigua. Nyingine zilikuwa hazina maana yoyote, lakini zilikuwa na mdundo.

Kisha akakaa na wanawake wenzake wa kwenye palizi. Wazo lake lilikuwa jepesi: kila siku mama mmoja abaki na watoto wote, na wenzake wamlimie ngwe yake kwa kugawana. Nyuma ya kambi kulikuwa na banda la zamani la kuwekea kamba, tupu. Wakalifagia, wakaziba matundu, wakalizungushia uzio wa miti watoto wasitoke.

Vitu vya kuchezea? Mbegu za kunde, mahindi, vigae vya vyungu, udongo wa mfinyanzi, vipande vya kamba. Mtoto anatenganisha kunde nyekundu na nyeupe, anahesabu, anasuka, anafinyanga ng'ombe. Wananawa mikono, wanakunywa uji, wanalala kidogo. Na kwa sababu kila nyumba ilikuwa na lugha yake, Kiswahili ndicho walichokutania. Wengine waliingia mle hawajui kusema hata "nipe maji".

Kama mnaona hiyo si elimu ya awali, niambieni ni nini.

Tatizo likawa nyapara, Mzee Semboja. Mtu mkali, anatisha hata akikohoa. Siku ya kwanza alifika bandani akamkuta mama amezungukwa na watoto.

"Wewe, ngwe yako iko na nani?"

"Shikamoo mzee. Nenda kaitazame."

"Nakuuliza wewe!"

"Nami nakuomba ukaitazame, mzee. Ikiwa na majani, nifukuze kazi."

Akaenda. Jioni tukasikia kwamba aliikuta imepaliliwa safi kuliko za wenzake. Hakuja tena bandani, tukadhani tumepona.

Kisha meneja, Mzungu, akapita kambini kwa gari pamoja na Mzee Semboja, akasikia nyimbo. Akasimamisha gari. Mimi nilikuwepo. Zamu ilikuwa ya mama mmoja wa Kishambaa, akasimama, watoto wote wakakimbilia nyuma yake. Meneja akamuuliza Mzee Semboja nani katoa ruhusa ya kutumia banda la shamba.

Nikajua yamekwisha.

Mzee Semboja akavua kofia. Akasema, "Mimi, bwana."

Uongo mtupu!

Akaendelea, "Mtoto wa mpalizi mmoja ametobolewa jicho huko shambani. Tangu watoto waje hapa, mama zao hawakimbii kazini kwenda kuangalia watoto. Ngwe zinaisha mapema."

Meneja akaingia, akatazama ng'ombe wa udongo, akatoka. Alisema banda libaki ila moto usiwashwe karibu na mkonge. Basi. Baadaye ndio tukasikia kwamba Mzee Semboja mwenyewe aliwahi kumzika mwanawe huko kwao, aliyezama kisimani wakati mama yake yuko kazini.

Sasa hii sehemu inayofuata, hata leo nikiisimulia sauti inabadilika.

Mama Mbwana alikuwa hajamleta mtoto wake. Alikuwa anakwenda naye shambani, anamfunga kanga kiunoni kama mbuzi. Asubuhi moja akatokea, kamshika mkono. Zaina alikuwa pale amemleta mdogo wake. Alipomwona akarudi nyuma mpaka ukutani.

Mama Mbwana akamfuata. Tukadhani atampiga.

Akauchukua mkono wa Mbwana akauweka kwenye mkono wa Zaina.

"Muingize ndani," akasema. "Halafu wewe nenda shule. Mtoto wangu ana watu wazima wa kumwangalia sasa."

Zaina akalia kwa sauti. Ndiyo sauti yake ya kwanza niliyoisikia baada ya muda mrefu.

Mwaka ulipoanza tukaandikishwa shule, mimi na yeye, pamoja na wasichana wengine kadhaa wa kambini. Baba yangu aliguna. "Msichana asome apate nini?" Mama akamjibu, "Akishapata tutamuuliza." Baba akacheka, yakaisha.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilinyooka. Masika banda lilivuja, likafungwa kwa muda. Wengine walihama, wengine walitega zamu. Kuna mzazi alimtoa mtoto kwa kusikia tunafundisha dini ya kigeni, wakati tulikuwa tunahesabu kunde. Zaina aliolewa kabla hajamaliza shule, nikabaki bila yeye darasani. Mbwana alisoma vizuri kwa jicho moja, akawa fundi cherehani.

Mimi nikawa mwalimu, na darasa nililolipenda ni la wadogo. Kila mwaka niliwatambua siku ya kwanza wale waliopita mahali wakachezeshwa, wakaimbishwa, wakazungumzishwa. Hao wengine si wajinga, ila wanatumia mwaka mzima kujifunza kutoogopa.

Funzo langu kwenu vijana: mkisema mtoto mdogo abaki nyumbani, malizieni sentensi. Abaki na nani? Maana mara nyingi jibu ni mtoto mwingine, na huyo naye ana haki ya kuwa darasani. Na msingoje jengo la bati na viti vya rangi. Tafuteni mtu mzima mwenye moyo, halafu mumlimie ngwe yake.

Wa Handeni na Korogwe mliomo humu, na wa kwingineko pia: nyie mlilelewa na nani wazazi wakiwa kazini, na huyo mtu yeye alisoma mpaka wapi? Andikeni hapo chini. Kuandika kwangu ni kwa polepole, ila nitasoma zote.