Feni ya Kompyuta Nyeusi

Wiki ile ya kompyuta mbili sikukaa kitini zaidi ya muda wa chai kupoa. Nakaa, nainuka, natoka barazani kuangalia bodaboda za Katoro zinavyokimbizana, narudi ndani. Mjukuu wangu wa kike, mwenye stationari, ambaye ndiye ninayeishi kwake, aliniuliza kama kiti kina siafu. Hakikuwa na siafu. Nilikuwa na majina kumi na tisa kifuani na siku nne za kuyatoa.

Makaburi ya ukoo wa marehemu mume wangu yako kwenye shamba letu la zamani, upande wa Mwakitolyo. Hayana maandishi, ni mawe tu. Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wamesogeza maduara yao, yale mashimo wanayoshuka kwa kamba, mpaka karibu na minyaa ya mpaka wetu. Wazee wa ukoo wakakubaliana kwamba Ijumaa waihamishe mifupa kabla udongo haujaanza kudidimia. Sasa kwetu mfu hahamishwi kama gunia. Anaitwa jina lake anapotolewa, anaitwa tena anaposhushwa. Asiyeitwa hajahama, hata kama mifupa yake imebebwa. Na aliyebaki duniani anayejua nani yuko chini ya jiwe lipi ni mimi peke yangu, na magoti yangu hayafiki tena kule.

Basi tukaamua sauti yangu iende badala yangu. Mjukuu angeirekodi, aitume kwa shemeji yangu, yeye aifungulie kaburini, jiwe baada ya jiwe. Kwa simu ilishindikana, maana simu ya mjukuu ni ya kazi. Nikifika jina la tatu mteja anapiga, sauti inakatika. Tukategemea kompyuta.

Kulikuwa na muuzaji wa vitu vilivyotumika, mtu wa Kagongwa, aliyemwachia mjukuu mbili azijaribu, achague moja, na nyingine irudi Ijumaa. Zote ni zile zisizo na sanduku pembeni; kila kitu kimefichwa nyuma ya kioo, na zinasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Moja nyeusi, nene, ina mgongo wa kobe. Nyingine nyeupe, nyembamba kama sinia.

Mjukuu akazipa kazi zilezile, mapicha mengi na barua nyingi kwa pamoja, halafu akawa anapitisha kiganja mgongoni kwa kila moja kama anayepima homa ya mtoto. Nami nikapitisha changu. Nyeusi, feni yake ilianza kwa kunong'ona, na ilipofika saa nane, bati la paa limeshika moto, ikavuma kama mashine ya kukoboa ya mtaa wa pili. Lakini mgongo wake ulikuwa na uvuguvugu tu. Nyeupe haikutoa hata pumzi. Mgongo wake ungeivisha chapati.

Nilimwambia achukue nyeupe, ina adabu. Akasema kimya chake si cha bure. Hiyo inameza moto, nyeusi inautema. Sikumwelewa, na sikutaka kumwelewa. Nilitaka kimya.

Jumatatu alinirekodi kwa nyeusi. Majina yale siyasemi ovyo, nayafuata moyoni kwa njia ya makaburini: naingia kwa upande wa zizi la ng'ombe, napita kwa baba mkwe, nazunguka kichuguu. Kila nikifika katikati feni inapanda, nami napotea njia. Mara tatu nilirudi mwanzo wa njia. Mwishoni nikamwambia amzime huyo mzee anayekoroma. Alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu siku.

Jumanne tukatumia nyeupe, na yote kumi na tisa yakatoka kwa mkupuo mmoja. Mjukuu akaniomba nisiguse kitu, kwani alikuwa bado hajaihifadhi sauti na mteja wa picha za pasipoti saizi alikuwa ameshasimama mlangoni. Sikugusa. Ila niliona vumbi jekundu la barabarani likitua kwenye kile kitu cheupe kilichobeba watu wangu, nikaona si heshima. Katika nyumba zetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata chupa ya chai. Nikachukua kitambaa nilichofuma mwenyewe kwa uzi mzito, nikaifunika kuanzia kichwani mpaka mgongoni, nikanyoosha pembe.

Aliporudi kioo kilikuwa kimekufa. Akakivua kitambaa, na kilinukia kama nguo iliyotoka kwenye pasi.

"Bibi, umeivalisha koti juani. Inapumulia hapo juu."

Akanionyesha matundu, madogo, kama ya chujio. Ilipowaka tena sauti haikuwemo. Alijilaumu yeye kwa kutohifadhi mapema. Alikuwa ananihurumia tu. Nilitoka nje nikakaa, nikainuka.

Jumatano asubuhi, kukiwa na ubaridi, tukarudia kwa nyeupe ileile, bila kitambaa. Kimya kabisa. Nikaingia kwa upande wa ng'ombe, nikapita kwa baba mkwe, nikafika kichuguuni penye kaburi dogo la mawe mawili, na hapakuwa na jina. Mtoto nilimwona: wa mke mwenzangu, aliishi mvua moja, na mama yake alipougua mimi ndiye niliyekuwa namlea. Uso niliuona. Jina halikuja. Sijawahi kusahau jina la mtu, hata la waliokuja kuuza chumvi mara moja wakaondoka.

Siku ile sikula. Nilifagia uwanja uliokwisha fagiwa. Mjukuu, kwa nia njema, akasema niseme tu mtoto wa kichuguuni, wataelewa.

"Wao wataelewa. Yeye je? Nani ataitika akiitwa kichuguu?"



Alhamisi nyeupe ilikataa. Ilikuwa inawaka na kuzima yenyewe, labda ile Jumanne niliichoma mahali. Tukabaki na nyeusi, tena mchana, bati linalia kwa joto. Mjukuu akaniomba radhi mapema kwa kelele. Nilianza nikiwa nimekata tamaa. Feni ikapanda, ikashuka, ikapanda. Safari hii sikushindana nayo. Nikajikuta mabega yanakwenda mbele na nyuma yenyewe, na mikono imekunjika ngumi mapajani, na ndipo nilipojua niko wapi. Nilikuwa kwenye jiwe la kusagia. Mama mkwe alinifundisha majina yale tukisaga mtama, tumepiga magoti, kila sukumo jina moja, jiwe linanguruma chini ya sauti yake. Sikuwahi kufundishwa katika kimya hata siku moja. Na mgongoni kwangu, siku zile, alikuwa amefungwa yule mtoto, kabla jina lake halijaingia kati ya yale.

Nilipofika kichuguuni jina lake lilitoka kabla sijalitafuta. Sikusimama kushangaa. Nilisukuma mpaka la kumi na tisa. Mjukuu akahifadhi hapohapo, kisha akahifadhi tena, ndipo akanitazama.

Akasema mvumo ule anaweza kuupunguza, kuna namna ya kuusafisha. Nilimkataza.

Ijumaa jioni shemeji alipiga simu. Wote wamehama, alisema, hata wa kichuguuni, na sauti ilisikika vizuri. Kisha akauliza:

"Shemeji, nani alikuwa anasaga?"

Nikamwambia ni kompyuta. Akasema nisimtanie mzee mwenzangu.

Nyeupe ilirudi kwa mwenyewe, na mjukuu alimweleza ukweli wa kitambaa bila kunitaja. Nyeusi imebaki dukani, inakoroma. Kitambaa changu nimekirudisha kwenye chupa ya chai. Majina sitayaandika hapa, yameshaitwa panapostahili.