Kipande cha Gaudensi

Mwanangu, asubuhi ile ya ngokela naikumbuka mpaka leo, na bado hasira hunipanda. Nyinyi mliozaliwa mjini huenda hamuijui ngokela: majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja wao, kila mtu akapimiwa kipande chake cha kulima, halafu wakanywa pombe ya mwenye shamba; asiyepimiwa ni kama amefukuzwa.

Shamba lilikuwa letu, kule Namtumbo, na baba ndiye aliyepima. Alipima cha jirani, akapima changu, akampita kaka yangu Gaudensi kama vile hamuoni. Gaudensi alisimama na jembe lake, kavaa koti la jeshi.

Kabla ya vita vya Uganda jeshi letu lilikuwa dogo. Vita vilipoanza likavimba, vijana wakachukuliwa hata huku kwetu, na baba huyohuyo alichinja mbuzi akacheza ngoma ya lizombe kumuaga mwanawe. Vita vikaisha, maduka yakabaki hayana hata sabuni. Miaka ikapita, ikaja biashara huria: maduka yakajaa, mbolea ya bei nafuu ikaondolewa, na jeshi nalo likapunguzwa. Gaudensi akarudi mikono mitupu.

"Serikali ilimchukua, serikali imlishe," baba alisema. "Mimi mbolea yenyewe sina."

Niliona vidole vya kaka vikiubana mpini wa jembe. Niliogopa, mwanangu. Nilijua mmoja wao angeumia pale.

Bibi, mama yake baba, akaingia katikati yao. "We! Jeshi likipunguzwa unadhani watu wanayeyuka? Gharama waliyoitua kule ndiyo hii imesimama shambani kwako. Ulimchezea ngoma akienda. Haya, mpimie!"

Baba alitazama chini. Hakupima.

Gaudensi akalilaza jembe taratibu, akamwambia bibi "shikamoo", akashika njia ya barabarani. Alidandia lori la Tunduru, kwenda kwenye machimbo ya vito. Hatukumwona tena.

Msimu uliofuata baba alipima kipande kimoja cha ziada, akakataza mtu kukilima. Kila mwaka alikipima hivyo hivyo, mpaka alipokufa.

Basi, mwanangu, ukisikia watu wanashangilia kwamba gharama imepunguzwa, ulizia imehamia nyumbani kwa nani. Na uliyemsindikiza kwa ngoma akirudi hana kitu, mpimie siku hiyohiyo, hata kama ni kidogo. Mungu akujalie shamba la kugawa, na akujalie kuligawa mwenye kipande angali yupo.