Mpangaji wa Mikono Minane

Sitelbanat ana ploti za vyumba vya kupanga pale Kianda, na kazi anayoijua kuliko zote ni kupima mpangaji kwa macho. Ukija kuulizia chumba, kabla hujamaliza salamu ameshajua kama wewe ni wa redio kubwa, wa wageni kila siku, au wa kuhama alfajiri bila kuaga.

Nyumbani kwake Makina anaishi peke yake. Mwanawe Ramzy na wadogo zake wako Doha, na ndio waliomnunulia tangi la kioo lililo refu kuliko kochi, mama apate cha kutazama. Akatazama samaki wa rangi hadi akachoka. Samaki hawana adabu, alisema. Unaingia, unasalimu, kila mmoja anaendelea na safari zake. Upweke ulimuuma na hakuona haya kusema. Alitaka kiumbe kitakachomjua.

Munyao, fundi wa matangi kutoka Kawangware, ndiye aliyemwambia kwamba pweza huijua sura ya mtu anayemlisha. Basi mama akaanza usaili.

Wazo lake la kwanza lilikuwa la mwenye ploti hasa: tangi ligawanywe kwa vioo, vyumba vinne, pweza wanne. Nafasi yote ile ikae bure? Munyao akamweleza kwamba pweza hataki jirani, tena hupenya penye upenyo mdogo sana, na akimfikia mwenzake atamla. Sitelbanat alikubali shingo upande.

Ndipo fundi akatoa simu, amwonyeshe picha. Mama alimpenda mdogo mwenye pete za buluu, akasema huyu kavaa kama bibi harusi. Aliposikia kwamba akiuma dawa hakuna, akamfukuza kwa mkono. Mpangaji wa kumzika mwenye nyumba hakumtaka. Aliyefuata alikuwa pweza wa usiku, mpole, asiye na usumbufu, ila mchana kutwa amejificha pangoni. Sitelbanat naye akishaswali isha, hana muda na mtu. Wangekutana lini?

Akabaki pweza wa mchana: mkubwa, wa kubadili rangi, wa kuja mbele ya kioo kukuchungulia. Sitelbanat aliirudia video yake tena na tena, akicheka mwenyewe. Kumpata haikuwa shida, maana Munyao alikuwa na mtu wake Pwani. Lakini fundi alikuwa ameanza kukuna kichwa, na macho yale ya kupima watu yakaona kuna neno.

"Mama Ramzy, huyo hakai," Munyao alisema. "Mwaka hivi, pengine hata haufiki. Utakuwa ushamzoea, halafu anakufa. Mimi sitaki kukuona ukilia."

Moyo ulimshuka. Kwa mizani yake mwenyewe, huyo alikuwa mpangaji wa kukataliwa mlangoni. Alimwongezea Munyao chai ambayo hakuiomba, akaweka birika chini, akatazama lile tangi.

"Wanangu wataishi miaka mingi, inshallah," alisema mwishowe, "na nikiwapigia simu hawashiki. Niletee huyo wa mchana."

Munyao akatoa futi yake, akaanza kupima kifuniko cha tangi.